Je, Wajua? Fedha za TASAF Hugeuka Kuku

Si ruzuku yote ya kaya maskini inayoishia sufuriani. Jaribio la ruzuku la Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF), lililoanza mwaka 2010 Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, lilionyesha kaya zilizolipwa zikinunua zaidi kuku, mbuzi, kadi za bima ya afya, hata viatu vya watoto. Matumizi ya chakula kwa jumla yalibadilika kidogo tu. Atakayesema fedha zimepotea njia aitazame Mbulu au Hanang mwezi wa pili. Mahindi bado mabichi shambani, debe sokoni limepanda bei, na kuku anataga. Yai ni la mtoto. Jogoo akiuzwa, unga unaingia ndani na mbuzi haguswi. Hicho nacho ni chakula, ila kimewekwa akiba.

Na pombe je? Hoja hiyo haiishi vijiweni. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti za nchi nyingi. Hawakukuta ruzuku ikiongeza ulevi wala sigara. Tatizo halisi ni ratiba. Malipo hupangwa kila miezi miwili. Fungu likichelewa wakati wa palizi, mama huenda kibarua shamba la jirani, na jioni ni ugali na mnafu tu.