Kumrudisha Nyikani Kicheche wa Miguu Myeusi

Kicheche wa miguu myeusi ni mla nyama mdogo wa mbuga za nyasi za Amerika Kaskazini, wa familia moja na nyegere. Ana mwili mwembamba wenye uzito wa takriban kilo moja na baka jeusi kuzunguka macho. Chakula chake ni kindi wa ardhini waishio kwa makundi makubwa. Huwawinda usiku, na hulala na kuzaa ndani ya mashimo yao.

Utegemezi huo ndio uliomponza. Katika karne ya 20 kindi hao waliuawa kwa sumu nchini Marekani, wakidaiwa kumaliza malisho ya mifugo, na nyanda nyingi zikageuzwa mashamba. Tauni, ugonjwa ulioletwa kutoka ng'ambo na kuenezwa na viroboto, ikawaua kindi na vicheche pia. Kufikia mwaka 1979 iliaminika kwamba kicheche huyu ametoweka. Mwaka 1981, karibu na Meeteetse, jimboni Wyoming, mbwa wa mfugaji mmoja alirudi nyumbani na mzoga wa kicheche, na wataalamu wakagundua kundi lililosalia. Magonjwa yalipolivamia, vicheche 18 wa mwisho walikamatwa na kuzalishwa kizuizini. Ni 7 tu walioacha uzao wa kudumu.

Mnyama aliyezaliwa kizuizini hajui kuishi porini. Kwa hiyo kabla ya kuachiwa, vicheche wachanga hukaa kwa wiki kadhaa katika mazizi ya nje yenye mashimo, wakijifunza kukamata mawindo hai na kujificha. Hata hivyo wengi huliwa na koyote na bundi. Kundi la kwanza, vicheche 49, liliachiwa Shirley Basin, Wyoming, mwaka 1991. Wengine walifuata South Dakota, Arizona, Meksiko na Kanada.

Tauni bado ndiyo adui mkubwa. Vicheche huchanjwa, na mashimo hunyunyiziwa dawa ya kuua viroboto. Usiku watafiti huwatafuta kwa taa kali, na macho yanayong'aa kijani huonyesha walipo.

Tatizo jingine ni undugu wa karibu mno, kwa kuwa karibu vicheche wote wametokana na wale 7. Seli za jike aitwaye Willa, ambaye hakuacha uzao hai, ziligandishwa mwaka 1988. Desemba 2020 zilitumika kumpata Elizabeth Ann, nakala yake ya kijenetiki. Mwaka 2024 Antonia, nakala nyingine ya Willa, alizaa, na hivyo urithi uliokuwa umepotea ukapata njia ya kurudi.

Vicheche walioko porini leo bado ni mamia machache. Kicheche mmoja anaweza kula kindi zaidi ya mia kwa mwaka, hivyo huhitaji eneo kubwa lenye kindi wenye afya. Ndiyo maana mafanikio ya kazi hii yanawategemea pia wafugaji wanaokubali kindi hao waendelee kuishi katika ardhi yao.