Karata za Kupanda Ngazi

Hapa kwetu pwani, ukitaja karata watu hukumbuka kopa na shupaza barazani, na wazee huuliza papo hapo: "Pana kamari?" Swali hilo ndilo nililokwenda nalo kuuchunguza mchezo wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Bwana Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993.

Karata zake hununuliwa kwa pakiti, mnunuzi asijue zilizomo, kisha wachezaji hubadilishana. Kila mmoja hujipangia jozi yake ya karata zisizopungua 60.

Mashindano yake ni ngazi. Mtu huanzia dukani, mtaani kwake. Akishinda huenda kwenye ubingwa wa kanda, mathalani Ulaya. Walio bora huko hupanda Pro Tour, na juu kabisa ni ubingwa wa dunia. Katika raundi za mwanzo ashindwaye hatolewi, bali hupangiwa mwenye pointi kama zake. Ushindi ni pointi 3, sare pointi 1.

Na kamari je? Kanuni za awali ziliruhusu kila mchezaji aweke karata moja dau, mshindi azitwae. Mashindanoni jambo hilo ni marufuku. Hata hivyo kiingilio hulipwa, zawadi hutolewa, na karata adimu ni ghali.

Basi mzazi ambaye mwanawe ameleta pakiti hizo nyumbani, namshauri aulize mapema: zawadi inatoka mfuko gani, wa mwenye duka au wa viingilio vya wachezaji? Jibu hilo ndilo la kumpelekea sheikh.