Kabla ya Matanga: Wasia kwa Jamaa Zetu wa Meru na Embu



Ni nyumba chache za pwani siku hizi zisizo na mtu Meru au Embu. Mmoja ameolewa Majengo ya Embu, mwingine ana duka Meru mjini, wa tatu babake alifuata biashara ya miraa Nyambene akaoa huko huko. Msiba ukitokea, matanga hutukutanisha chini ya turubai moja watu wa dini mbili: wakwe Wakristo, wajukuu Waislamu, na wazee wa ukoo waijuao mipaka ya shamba tangu enzi za mababu. Hapo ndipo swali la mali huulizwa kwa mara ya kwanza, na hapana mahali pabaya zaidi pa kuliulizia.

Twajua kwa nini halisemwi mapema. Mtoto akiuliza hatimiliki iko wapi huambiwa analeta uchuro. Mke akiuliza, mawifi husema anahesabu mali ya mtu aliye hai. Hali Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Kuandika, basi, si kumtakia mtu mauti.

Sheria ya nchi imetupa nafasi yetu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika mwaka 1981 kwa Wakenya wote, na Waislamu waliipinga hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1990. Tangu hapo mali ya aliyekufa Muislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, nayo imempa Kadhi mamlaka ya kusikiza mirathi, lakini kwa sharti: wahusika wote wawe Waislamu na wakubali mahakama yake. Huku pwani sharti hilo hatulihisi sana. Meru na Embu ndilo lenye kuamua mambo. Akitokea mmoja katika wahusika asiye Muislamu, shauri huweza kuishia Mahakama Kuu, na familia ikajikuta inaanza upya mbele ya hakimu mwingine.

Tuchukue mfano, maana hesabu husema kuliko maneno. Mwanamume wa Embu aliyesilimu ana shamba la ekari 3. Ana mke, mwana mmoja, mabinti wawili, na mama yake mzazi ambaye ni Mkristo na anaishi humo shambani. Akifa bila wasia, mama hana fungu, kwani kwa kauli ya wanazuoni walio wengi tofauti ya dini huzuia kurithiana. Mke ana thumni, na kilichobaki ni cha watoto, mwana fungu mara mbili ya binti. Mama aliyemzaa na kumlea atakaa pale kwa hisani ya wajukuu. Je, watu wa ukoo watanyamaza? Hatudhani, na kwa kweli hatuwezi kuwalaumu.

Dawa yake imo ndani ya dini yenyewe. Wasia hauendi kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia, lakini mama huyu, kwa kuwa si mrithi, aweza kuusiwa hadi theluthi. Ekari 1 huwa yake. Katika 2 zilizobaki mke hupata robo ekari, mwana hupata saba ya nane ya ekari, na kila binti nusu ya fungu la nduguye. Fungu la binti hapo ni haki aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, wala hana haja ya kuwaomba wazee wa ukoo wamwonee huruma kwa kuwa ameolewa mbali.

Kabla ya mafungu hayo hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia. Akina mama, hapa tega sikio: mahari ambayo hamjalipwa ni deni. Vivyo hivyo pesa uliyomkopesha mumeo kununulia mabati. Nyumba uliyoijenga kwa fedha zako ni mali yako, si urithi, lakini bila maandishi nani atakayekusadiki siku hiyo? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi twaona hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Usimuulize mzee ataacha nini. Muulize anadaiwa na nani, naye anamdai nani. Swali hilo halimchukizi mcha Mungu, na mengine hulifuata lenyewe.

Nyaraka nazo zitafutwe mapema. Cheti cha ndoa kwanza, maana wako wajane waliofungishwa nikaha mbele ya kadamnasi na hawana karatasi ya kuonyesha. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hatimiliki, na jina lililo juu yake: mashamba mengi huko bado yamo katika jina la babu aliyekwisha kufariki, na mirathi ya babu lazima ikamilishwe kabla ya ya mjukuu. Fomu ya chama cha akiba itazamwe pia. Aliyetajwa humo hukabidhiwa pesa, lakini wanazuoni wengi humhesabu mwenye amana kwa niaba ya warithi, nao watu hugombana kwa kutolijua hilo.

Wasia uandikwe mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na atajwe wasii atakayeutekeleza. Mama Mkristo na ndugu zake waitwe wasomewe, mwenyewe angali hai na aweza kujibu maswali yao kwa Kimeru au Kiembu. Nakala moja ikae kwa mke, nyingine kwa wasii, na hatimiliki isitoke nyumbani bila kuandikwa nani ameichukua na siku gani.