Watoto wa Kambini Hawachezi Bure



Kila tunapokutana katika kurasa hizi tunazungumza mishahara, kilo, saa za ziada na nyumba zinazovuja. Leo twaomba mtuvumilie tuzungumze habari za watoto wetu wa miaka 3 hadi 5, ambao hawajafikia kuingia darasa la kwanza. Wengi wetu twadhani watoto hao hawana la kujifunza ila kula na kulala. Sisi viongozi wa chama tulidhani hivyo hivyo, na nusura tuvunje jambo jema kwa kutojua kwetu. Twaeleza yaliyotupata ili tawi jingine lisirudie kosa letu.

SHULE ILIYOANZIA JIKONI

Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, ambako chama chetu kina wanachama wengi, kambi ya wafanyakazi ina watu wa makabila mbalimbali: Watooro, Wakiga, Walugbara, na wengine waliotoka Rwanda na Kongo. Mama huondoka alfajiri na kikapu chake, awahi kuchuma kabla jua halijawa kali. Mtoto mdogo huachiwa dada yake wa miaka 8 au 9, na siku hiyo dada haendi shule.

Siku moja sufuria ya uji ilimwangukia mtoto wa miaka 3. Dada yake alikuwa amekwenda kuteka maji. Mama yao alipata habari akiwa kwenye mizani, majani yake hayajapimwa. Mtoto alipona, lakini vidole vya mkono wake wa kushoto havikunjuki vizuri mpaka leo.

Baada ya hapo akina mama walikuja kwa chama. Tulikwenda ofisini kwa wakubwa wa shamba, tukapewa banda la zamani lililokuwa halitumiki. Wazazi walilifagia, wakaziba paa, wakakubaliana kila nyumba itoe mchango siku ya mshahara. Tukapata mwalimu, binti mmoja aliyesomea kazi ya kufundisha watoto wadogo. Chekechea yetu, au nasari kama wengi wanavyoiita, ikafunguliwa.

MKUTANO WA DAFTARI TUPU

Muhula wa pili manung'uniko yakaanza. Katika mkutano wa tawi baba mmoja alisimama na daftari la mwanawe, akalifungua mbele ya watu. Kurasa zilikuwa tupu. Akasema, "Nalipa pesa ili mtoto akacheze tope? Tope liko hata mlangoni kwangu." Watu walimpigia makofi. Na sisi tulipiga makofi.

Siku iliyofuata tulimwendea mwalimu tukamwambia kwamba mwezi mmoja ukiisha watoto hawajaandika, wazazi watatafuta mwalimu mwingine. Watoto 7 walikuwa wameshaondolewa. Mwalimu hakugombana nasi. Alisema tu, "Viongozi wangu, njooni mkae nami asubuhi moja. Mkiisha kuona, semeni mtakalo."

Tulikwenda watatu. Tukakalia matofali, maana viti vyote vilikuwa vya watoto.

TULIYOYAONA

Watoto walipofika, kila mmoja alinawa mikono na kutundika mfuko wake mahali pake. Kisha wakakaa duara. Mwalimu akamwuliza kila mtoto ameamkaje na ameona nini njiani. Mmoja alisema ameona trekta limekwama. Mwalimu akamwuliza limekwama wapi, nani alilisukuma, na likatokaje. Yule mtoto alisimulia mpaka mwisho, na wenzake wakasikiliza bila kumkatiza.

Halafu wakagawanyika. Kundi moja lilikuwa na rundo la vizibo vya chupa. Walivitenga kwa rangi, kisha wakavipanga vitatu vitatu. Kundi la pili walikuwa na mpira wa majani ya mgomba, na kila mtoto alingoja zamu yake. Kundi la tatu walikanda udongo. Yule mtoto aliyeungua alikuwa katika kundi hili. Mwalimu alikuwa amempa madonge mawili, kila mkono na donge lake, naye alikuwa akikanda kwa mikono yote miwili.

Watoto walipokwenda kunywa uji, mwalimu alitueleza. Serikali ya Uganda ilitoa mwongozo wa mafunzo ya watoto wadogo mwaka 2005, na mambo makubwa katika mwongozo huo ni matano. La kwanza, mtoto ajue kuishi vizuri na wenzake. La pili, ayajue mazingira yake, ayachunguze na kuyatumia. La tatu, ajue kuutunza mwili wake. La nne, atumie hesabu katika mambo ya kila siku. La tano, atumie lugha yake sawasawa.

Akatuuliza, "Katika hayo matano, lipi hamkuliona asubuhi hii?" Tulinyamaza.

Tulimwuliza habari za kalamu. Alituonyesha vidole vya mtoto wa miaka 4, jinsi vilivyo laini bado. Alisema mkono ukilazimishwa kuandika kabla haujapata nguvu, mtoto hushika kalamu vibaya, huchoka upesi, na huanza kuichukia shule. Kukanda udongo, kupasua majani, kufunga vifungo vya shati na kutunga shanga ndiko kunakoupa mkono nguvu. Kalamu itafuata, na itakuta mkono uko tayari.

Tukamwambia kwamba watoto wengine wa kambini wanajua kuhesabu hadi 20. Akatujibu kwamba wengine kati yao wanaimba tu. Alimwita mtoto mmoja mwenye kuhesabu kwa sauti kubwa, akamwekea maharage 10, akamwambia, "Nipe 4." Mtoto alimpa gao zima. Mwalimu akasema kazi yake ni kumfikisha mtoto mahali ambapo akisema nne, mkono wake unachukua nne.

Hapo sisi wachuma chai tulielewa. Kazi yetu ni majani mawili na chipukizi moja. Jicho lisilojua kutenga jani laini na jani kuukuu huleta kikapu kibaya, nacho hukataliwa. Na mtu asiyejua kujumlisha kilo za asubuhi na za jioni hupokea chochote anachoandikiwa na karani. Kumbe elimu hiyo yote inaanzia kwenye vizibo vya chupa.

Mkutano uliofuata tulisimama tukawaambia wanachama kwamba sisi viongozi tulikosa, tukaeleza tuliyoyaona. Wengine walicheka, wengine walikubali.

MZAZI AFANYE NINI?

Wengi watasema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto?" Sisi tunaoandika haya tuliishia shule ya msingi, na wenzetu wengine hawakuiona hata hiyo. Mambo tunayoyataja hapa hayahitaji cheti wala pesa nyingi.

Zungumza na mtoto. Ukirudi kazini umechoka, usimfukuze. Mwulize amefanya nini leo, amecheza na nani, nani alilia na kwa nini. Mwache amalize maneno yake. Zungumza naye kwa lugha unayoijua vizuri, iwe Kitooro, Kilugbara, Kinyarwanda au Kiswahili. Mtoto mwenye lugha moja iliyokomaa hupata nyingine kwa urahisi zaidi.

Msimulie hadithi na kumtegea vitendawili. Wazee wetu hawakuwa na vitabu, lakini jioni kando ya moto walitufundisha kusikiliza, kukumbuka na kufikiri. Tusiiachie redio kazi hiyo yote.

Mpe kazi ndogo za nyumbani. Achambue maharage na kutoa mabaya. Ahesabu sahani kwa idadi ya watu. Alete viazi vitatu, vikubwa viwili na kidogo kimoja. Akikosea, mwonyeshe tena bila kofi. Mtoto anayepigwa kwa sababu ya kukosea huacha kujaribu.

Mfundishe kujitunza. Anawe mikono kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kula. Ajifunge vifungo mwenyewe, hata kama anakuchelewesha. Asiende shule na njaa. Mtoto mwenye njaa hasikii la mwalimu. Na alale mapema, hata siku ambayo jirani wana ngoma.

Mwache acheze. Gari la mabua, mpira wa majani ya mgomba na mtoto wa kike wa kuchonga ni vitabu vyake vya sasa. Usinunue vitu vya plastiki vya gharama kwa kukopa dukani.

Usimharakishe. Wako wanaotaka kumpeleka darasa la kwanza mtoto wa miaka 4 kwa kuwa ni mwerevu. Umri wa kuanza shule ya msingi Uganda ni miaka 6. Muda ulio kabla yake ni wake, usimnyang'anye.

Na hapa twasema na akina baba waziwazi. Kumpeleka mtoto chekechea, kumsikiliza na kuhudhuria mkutano wa wazazi si kazi ya mama peke yake. Mama naye amechuma tangu alfajiri. Tulihesabu watu waliokuja kwenye mkutano wa wazazi mwaka wa kwanza: akina mama 26, akina baba 3. Ukiweza kusimama mbele ya bwana shamba kudai haki yako, unaweza kukaa juu ya tofali nusu saa kumsikiliza mwalimu wa mwanao.

Mwisho, mlipeni mwalimu kwa wakati. Mfanyakazi anayelia mshahara wake ukicheleweshwa, kisha akamcheleweshea mwalimu mchango wake miezi miwili, anafanya lile lile analolipinga.

SHULE HIZI ZILIANZIA PENYE KAZI

Baadhi ya wakubwa hutuambia kwamba chekechea ni mambo ya matajiri wa mjini. Ndugu, si kweli. Mwaka 1816, huko New Lanark katika Scotland, Robert Owen alifungua shule ya watoto wadogo kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba alichokisimamia. Waliosoma pale walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda. Aliagiza wasipigwe na wasisumbuliwe kwa vitabu.

Mwaka 1837 Mjerumani Friedrich Froebel alianza shule yake katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Yeye ndiye aliyetilia mkazo kwamba mchezo ni njia ya mtoto kujifunza. Mwaka 1907 daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Watoto wale walikuwa wakibaki peke yao wakati wazazi wao wako kazini, kama wa kwetu.

Nchini India, ambako wako wachuma chai wengi kama sisi, sheria ya mashamba makubwa ya mwaka 1951 ilitaka shamba lenye wanawake 50 au zaidi liwe na mahali pa kuwatunzia watoto wao. Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 156 kuhusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, nao unataja huduma za kutunza watoto. Kwa hiyo tunapolidai jambo hili hatuombi sadaka.

Hapa Uganda elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, lakini inaanzia darasa la kwanza. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 iliitambua chekechea kuwa ngazi ya elimu, ila gharama zake zikaachwa kwa wazazi. Maana yake ni kwamba mtoto wa mchuma chai ataipata pale tu wazazi wakishikamana na mwajiri akatoa sehemu yake. Twashauri kila tawi, mkataba wa pamoja unapojadiliwa tena, liweke madai haya mezani: jengo salama, maji safi, choo cha watoto, uji wa saa nne, na mshahara wa mwalimu mmoja. Mwajiri anapata faida humo. Mama asiyehofia moto nyumbani huchuma vizuri zaidi.

MPAKA SASA

Katika wale watoto 7 walioondolewa, 5 wamerudi. Baba mwenye daftari bado ananung'unika, lakini analipa, na mwanawe yumo. Watoto 2 hawajarudi. Mmoja wazazi wake wamehama. Wa pili ni msichana wa miaka 5, naye amebaki nyumbani akimbeba mdogo wake wa miezi 8, kwa sababu banda letu halina mahali pa wanaonyonya. Tunapita mlangoni kwao kila tunapozunguka kambini, naye hutuuliza kama leo wanakanda udongo.

Huyo ndiye kazi iliyobaki, ndugu wafanyakazi. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kila tawi lihesabu watoto wake wa umri huu, wote bila kumwacha hata mmoja, na lituletee hesabu hiyo kabla ya mazungumzo ya mkataba.

Umoja ni nguvu.