Kumzindua Samoni Kabla ya Kumwachia: Utaratibu na Maneno Yake

Utangulizi

Walimu wenzetu na wanafunzi, katika toleo hili tunaeleza tena matini za utaratibu, yaani matini zinazomwambia mtu afanye nini na kwa mpangilio upi. Safari hii tumechagua jambo lililo mbali na maziwa yetu: namna ya kumrudishia nguvu samoni mkubwa aliyenaswa kwa ndoana kutoka kwenye boti, kisha kumwachia akiwa mzima. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi ambayo hatua moja ikikosewa kiumbe hufa. Pili, inamlazimu anayeandika kwa Kiswahili kuchagua vitenzi kwa uangalifu, kwa maana kitenzi kibaya huupeleka mkono mahali pabaya.

Kwa nini mvuvi amwachie samaki aliyemhangaikia?

Samoni mkubwa kuliko wote wa Bahari ya Pasifiki huitwa Chinook. Yule anayeshikilia rekodi ya kuvuliwa kwa ndoana alipatikana katika mto Kenai, Alaska, mwaka 1985, naye alikuwa na uzito wa kilo 44 hivi. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Jike mmoja wa Chinook hubeba mayai elfu kadhaa, naye hutaga msimu mmoja tu katika maisha yake, kisha hufa. Akifa kabla ya kufika, mayai yote hupotea pamoja naye.

Katika maeneo mengi samaki hawa wamepungua. Mwaka 1999 Chinook wa Puget Sound, katika jimbo la Washington nchini Marekani, waliingizwa katika orodha ya viumbe wanaolindwa na sheria ya nchi hiyo. Samoni wengi wanaototoleshwa katika vituo vya kufugia hukatwa pezi dogo lililo kati ya pezi la mgongo na mkia kabla ya kuachiwa majini. Mvuvi akiona pezi hilo halipo, hujua kwamba samaki ametoka kituoni. Akiliona lipo, kwa kawaida huyo ni samaki wa asili, na mahali pengi sheria humtaka amwachie. Zaidi ya hayo, katika maji ya bahari ya jimbo hilo ni kosa kumpandisha botini samoni ambaye sheria hairuhusu achukuliwe. Kazi yote hufanyika samaki akiwa majini, ubavuni mwa boti.

Kinachompata samaki

Samoni aliyenaswa hupigana kwa nguvu zake zote. Misuli hutumia oksijeni nyingi kuliko ile inayoletwa na damu, na asidi ya laktiki hujilimbikiza mwilini. Samaki anapofika ubavuni mwa boti huwa anatweta kama mwanariadha aliyemaliza mbio. Akitolewa nje wakati huo, nyuzi laini za matamvua, ambazo majini huelea zikiwa zimetengana, hulaliana na kugandamana. Hewa imemzunguka pande zote lakini haimfai kitu. Ni sawa na kumziba mwanariadha yule pua na mdomo pale pale kwenye utepe wa kumalizia.

Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio juu ya trauti wa upinde wa mvua, ambaye ni wa jenasi moja na Chinook na ambaye alipandikizwa pia katika mito ya Mlima Kenya. Samaki waliochoshwa kabisa bila kutolewa majini walipona kwa asilimia 88. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani kwa sekunde 30 walipona kwa asilimia 62. Waliokaa hewani kwa sekunde 60 walipona kwa asilimia 28 tu. Ikumbukwe kwamba vifo hivyo vilihesabiwa katika muda wa saa 12. Kwa hiyo samaki anaweza kuondoka akiogelea, mvuvi akafurahi, na kumbe atakufa usiku ule ule.

Aidha, joto la maji lina nafasi yake. Maji baridi yasiyo na chumvi, yenye nyuzi 10 za Selsiasi, huweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni katika lita moja. Yakifika nyuzi 20 hubeba 9 hivi. Wakati huo huo, samaki katika maji ya joto huhitaji oksijeni zaidi. Ndiyo maana wavuvi waangalifu huacha kabisa kuvua samoni maji yanapopata joto.

Utaratibu wenyewe

Kwanza, matayarisho. Ndoana iwe haina kile kijino kinachoizuia isichomoke. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, hili ni sharti la sheria kwa mvuvi wa samoni. Mshipi uwe imara, ili samaki avutwe upesi asichoshwe bure. Koleo liwe karibu. Wavu wa mkono uwe wa mpira au usio na mafundo, kwa kuwa mafundo hukwangua magamba na ute unaomkinga samaki na maradhi.

Pili, kumfikisha. Samaki aletwe ubavuni mwa boti, mbali na rafadha, yaani lile panga linalosukuma boti. Abaki majini, hata akiwa ndani ya wavu. Asiinuliwe kwa mkia, kwa sababu uzito wa samaki mkubwa huweza kuumiza uti wake wa mgongo. Vidole visiguse matamvua wala macho.

Tatu, kutoa ndoana. Ishikwe kwa koleo na kugeuzwa irudi ilikoingilia. Kama imemezwa hadi kooni, ukate mshipi karibu na mdomo. Kuing'oa kwa nguvu huleta jeraha baya zaidi kuliko kuiacha.

Nne, kumrudishia pumzi. Samaki mwenye nguvu aachiwe mara moja. Kumshikilia ni kumchosha tena. Aliyelegea ashikwe kwa mikono iliyolowa, mmoja kwenye shina la mkia, mwingine chini ya tumbo nyuma ya mapezi ya kifuani, tumbo likiwa chini na mgongo juu. Kichwa kielekee mkondo unakotoka. Kama hakuna mkondo, nahodha aiendeshe boti polepole sana kwenda mbele, na kichwa cha samaki kielekee omo, ili maji yaingie mdomoni na kutokea matamvuani. Samaki asisukumwe mbele na kuvutwa nyuma. Maji yanapopita kinyume hayampi matamvua kazi yake ya kawaida.

Tano, kumwachia. Dalili ni tatu: vifuniko vya matamvua vinafunguka na kufunga kwa mpango, samaki anasimama wima mwenyewe, na mkia unasukuma mkono. Hapo mkono ulegezwe, aondoke mwenyewe. Lakini kwanza mvuvi atazame pande zote. Kama sili anazunguka boti, samaki aliyechoka ni mlo rahisi kwake, hivyo ni afadhali kusogea mahali pengine samaki akiwa ndani ya wavu majini.

Maneno yanayofaa

Wanafunzi wetu hupenda kuandika "kumfufua samaki". Kufufua ni kumrudishia uhai aliyekufa. Kwa njia ya sitiari tunafufua hata uchumi. Anayesoma "mfufue" huona mzoga, na mzoga hutikiswa. Kuhuisha nako kumezoeleka zaidi kwa mambo kama lugha, mila na kumbukumbu. Tunapendekeza kuzindua. Neno hili leo limezoeleka kwa vitabu na miradi, lakini asili yake ni kumwamsha aliyezirai au aliyepitiwa na usingizi, naye akizindukana huwa amezindukana mwenyewe. Samoni aliyelegea yumo katika hali hiyo: hajafa, amekosa pumzi.

Hali kadhalika, tutofautishe kumwachia na kumtupa. "Mtupe majini" ni amri inayoweza kutiiwa kwa mkono mmoja kutoka juu ya boti. "Mwachie" hudai mkono uwe majini tayari. Tena, matamvua yasiitwe mapafu ya samaki, maana msomaji atadhani hewa inamfaa. Na kiunganishi "mpaka" kina uzito wake: "mshike mpaka asukume mkono wako" hupima kwa hali ya samaki, ilhali "mshike dakika mbili" hupima kwa saa. Katika kazi hii kipimo ni samaki.

Hitimisho

Kinga ni bora kuliko tiba. Kumzindua samoni huanza mvuvi anapochagua mshipi na ndoana, na samaki aliyetunzwa vizuri huenda asihitaji kuzinduliwa kabisa.

Hapa Uganda wapo wanaovua sangara, au mputa, kwa mchezo na kumwachia, hasa chini ya maporomoko ya Murchison. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika utaratibu wa samaki huyo, lakini awatahadharishe wasinakili huu wa samoni neno kwa neno. Kibofu cha hewa cha samoni kina njia ya kutolea hewa mdomoni. Cha sangara hakina, hivyo sangara aliyetolewa kilindini huweza kuvimba tumbo hata kama pumzi anayo. Wanafunzi waanze kwa kuuliza kinachomuua samaki wao, ndipo wachague vitenzi.