Kangomba: Nani Amlinde Mwenye Njaa?

Juma hili tuzungumze juu ya tofauti kati ya walio nacho na wasio nacho, na juu ya wajibu wa serikali wa kumlinda raia mnyonge. Maneno haya yakisemwa, wengi hudhani kwamba yanahusu matajiri wa mijini peke yao. Lakini kwetu huku Kusini, kuanzia Masasi hadi Chilangala na vijiji vingine vya Newala, tofauti hiyo ina jina ambalo hata mtoto wa shule analijua. Jina hilo ni kangomba.

Kangomba ni kununua korosho za mkulima nje ya utaratibu rasmi. Mnunuzi hana mizani iliyokaguliwa. Hupima kwa bakuli au kopo. Mara nyingi hangoji mavuno, bali hufika miezi mingi kabla, wakati mkorosho haujatoa hata ua. Hutoa fedha kidogo, na mkulima huahidi kwamba korosho zitakapoanguka mwezi Oktoba, gunia moja au mawili yatakuwa ya bwana huyo.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anapewa shilingi 60,000 mwezi Machi kwa ahadi ya gunia la kilo 80. Tuseme bei ya mnada mwezi Oktoba inakuwa shilingi 2,500 kwa kilo, na makato yote ni shilingi 200 kwa kilo. Gunia hilo lingempatia shilingi 184,000. Maana yake, mkopo wa shilingi 60,000 umemgharimu shilingi 124,000 zaidi, kwa muda wa miezi saba tu. Benki ingetoza riba ya namna hiyo, nchi nzima ingepiga kelele.

Wapo wanaosema kwamba mama huyo hana akili ya biashara. Wanamwonea. Hesabu hiyo anaijua kuliko sisi. Kinachomshinda ni kungoja. Korosho huleta fedha mara moja kwa mwaka, lakini mahitaji hayana msimu. Januari watoto wanataka sare na madaftari. Februari na Machi chakula cha akiba kimekwisha na kipya bado kiko shambani. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni kichanga kinachokunywa mvua yote, na chemchemi ziko mbali chini ya miteremko. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, lakini bomba likikauka maji hununuliwa kwa ndoo. Ikifika Juni mikorosho inataka salfa dhidi ya ubwiriunga. Na mtoto akiugua, hakuna awezaye kumwambia mganga asubiri mpaka Oktoba.

Mnunuzi yeye anaweza kungoja. Ana chakula ndani, na fedha yake haina haraka. Basi watu hawa wawili wanapokutana mlangoni, hata kama wote wanasema "tumekubaliana", mapatano yao si ya watu walio sawa. Mmoja anafanya biashara, mwingine anaokoa nyumba yake.

Hapo ndipo serikali inapoingia. Katiba yetu, katika ibara ya 8, inasema kwamba lengo kuu la serikali ni ustawi wa wananchi. Serikali haiwezi kuwafanya watu wote wawe na mali sawa. Lakini inaweza kuzuia njaa ya mtu mmoja isigeuke kuwa faida ya mwingine.

Ndugu wasikilizaji, tumepita njia mbalimbali. Zamani korosho zote ziliuzwa kwa ushirika na shirika la umma. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000, lakini kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi chini ya tani 17,000. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, bei ikawa ndogo, kisha ubwiriunga ukaingia. Katika miaka ya 1990 milango ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Ushindani ulirudisha ari ya kilimo, lakini mkulima alibaki peke yake mbele ya mnunuzi mwenye kopo lake.

Ndipo ikaja Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na kuanzia msimu wa 2007/08 utaratibu huo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, hupimiwa kwa mizani, hupewa stakabadhi, na mzigo huhifadhiwa ghalani. Wanunuzi hutoa bei zao mnadani, bei husomwa hadharani, na wakulima huamua kukubali au kukataa. Ghala ndilo linalongoja kwa niaba ya mnyonge.

Faida yake ilionekana Oktoba 2018. Wafanyabiashara walipoleta bei iliyo chini ya shilingi 3,000, wakulima wa Newala na Tandahimba waliikataa. Mkulima mmoja mwenye gunia moja asingethubutu kufanya hivyo. Mwezi Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba.

Watu walishangilia. Lakini uhakiki wa mashamba ulichukua muda, na wakulima wengi waliingia mwaka 2019 bila kuona fedha zao. Mtu aliyekopa chakula kwa kutegemea malipo ya Desemba, Februari alikuwa anakopa tena. Kabla ya hapo, Aprili 2013, wilayani Liwale, malipo ya pili yalipopungua kuliko walivyotarajia wakulima, hasira ililipuka na nyumba zikachomwa moto. Tusisifu uchomaji, lakini tujifunze. Bei nzuri iliyochelewa humrudisha mkulima kwa mtu wa kangomba, hata kama aliyechelewesha ni serikali yenyewe au chama chake cha ushirika.

Tangu msimu wa 2024/25 minada imekuwa ikiendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na mnada wa kwanza wa msimu huo ulipata bei ya zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Ni hatua njema. Lakini mnada wa Oktoba haumsaidii mtu aliyekwisha kuuza gunia lake mwezi Machi.

Kangomba imepigwa marufuku, na ni haki ipigwe. Lakini marufuku peke yake ni kufukuza moshi na kuuacha moto. Kinachotakiwa ni kumtangulia mtu wa kangomba mlangoni. Pembejeo za ruzuku zifike kabla ya maua, si baada. Vyama vya akiba na mikopo viwe na fedha ya kukopesha miezi ya njaa, kwa riba ya kibinadamu. Stakabadhi ya ghala iweze kumpatia mkulima mkopo siku ile ile anapokabidhi mzigo, maana hiyo ni mali yake halali. Na siku za malipo zikitangazwa, zitimizwe.

Sisi wakulima nasi tuna sehemu yetu. Chama cha msingi ni mali ya wanachama. Mkutano ukiitwa, tuhudhurie. Hesabu zikisomwa, tuulize. Mizani ikitiliwa shaka, tuiite Wakala wa Vipimo. Tukinyamaza, kiongozi wa chama naye anaweza kugeuka kangomba mwenye mhuri.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya mkulima wa Chilangala ni bei ya haki inayofika kwa wakati, ili mwezi Machi ukibisha hodi aweze kumwambia mwenye kopo: "Karibu maji ya kunywa, lakini korosho zangu zinakwenda ghalani."