Kifaa cha kunusa gazi: wapi kinasaidia, wapi hapana

Wengi wetu tunaweka mbabula ya makala katika nyumba ya vifaranga ili wapate joto. Makala yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa, yanatoa monoksidi ya kaboni. Gazi hii haina harufu wala rangi, nayo inaua kuku na watu.

Kuna kifaa kidogo cha kuitambua. Ndani yake mna utando mwembamba sana wa oksidi ya bati, kitu kile kile kilicho katika kasiterite inayochimbwa huku Kivu. Utando unapashwa moto kwa umeme. Oksijeni ya hewa inaushika na kuzuia umeme kupita. Gazi ya makala ikifika, inaondoa ile oksijeni, umeme unapita kwa wingi, na kengele inalia.

Lakini tuangalie: kifaa hiki hakitambui mazuku. Ile ni dioksidi ya kaboni, gazi nzito inayolala katika mashimo na mabonde karibu na Goma, zaidi usiku na asubuhi mapema. Huko tusipeleke mbuzi wala watoto, hata kengele ikinyamaza. Tena batri ikiisha, kifaa hakisemi kitu. Basi, kifaa kikiwepo au kisipokuwepo, tuache nafasi ya hewa kupita, na mbabula isilale chumbani.